Nyumba za Walioenda Livu

Siku nilipokabidhi ufunguo wa karakana pale Kiomboi, Petro, ambaye sasa ndiye msimamizi wenu, aliniuliza mbele ya mafundi wote: "Mzee, hivi zile nyumba za wenye livu mlikuwa mnazifungaje, hata mwenyewe anarudi baada ya miezi sita anakuta kitabu hakijaota ukungu?" Nilimjibu maneno mawili matatu tu, kwa sababu lori la kunichukua lilikuwa linanguruma barabarani na dereva alikuwa mtu wa kelele. Tangu nifike hapa nyumbani, chini ya mteremko wa Sekenke, swali lile halijanitoka. Ndiyo maana nimenunua daftari.

Sitaandika habari za vyeo. Nilipandishwa mara mbili, na mara zote mbili kesho yake nilikuwa juu ya bati lile lile. Nitaandika jinsi nilivyofundishwa, na aliyenifundisha, na siku mbili ambazo nimezibeba miaka mingi, nikimwambia mtu mmoja tu.

Kazi yangu ya kwanza katika ujana haikuwa ya mabati. Nilikuwa mgodini, hapa hapa Sekenke, katika kundi la kutoa maji shimoni. Wengine walichimba dhahabu, sisi tulichota maji, na kila asubuhi maji yalikuwa yamerudi pale pale tulipoyakuta jana. Nikaoa, nikapata binti, nikamwambia mke wangu Rebeka kwamba sitaki tena kugombana na maji. Nikasikia Boma ya Kiomboi inatafuta vibarua wa nyumba za serikali. Nikaenda kwa miguu, kutwa nzima, nikifurahi kwamba sasa nitafanya kazi mahali pakavu.

Aliyenipokea ni fundi mkuu, Mzee Saidi, mtu wa Manyoni, mfupi, mwenye kofia nyeupe ambayo sikuwahi kuiona chafu ingawa kutwa alishinda kwenye masizi na lami. Ufundi alijifunza kwenye majengo ya reli zamani, wakati Mjerumani bado yupo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akanionyesha ngazi na ndoo.

"Jina lako?"

"Yakobo, mzee."

"Yakobo, panda na ndoo hii. Mwaga maji pale kwenye ukingo wa juu, penye kofia ya bati. Kisha shuka uingie ndani, uniambie panapovuja."

Nikapanda, nikamwaga, nikashuka, nikaingia. Chumbani maji yalikuwa yanadondoka karibu na dirisha. Nikatoka nikasema, "Panavuja juu ya dirisha, mzee."

"Haya, panda ukazibe."

Nilishinda juu siku ile nikipaka lami juu ya dirisha. Jioni akaniambia nimwage tena. Maji yakadondoka pale pale. Mzee Saidi alikuwa amekaa juu ya kasha la misumari, anakunywa chai ya rangi.

"Maji hayaingii yanapodondoka," akasema. "Yameingia kule juu, kwenye msumari mmoja uliolegea. Yakatembea juu ya boriti kama mtu anayejua anakokwenda, yakafika dirishani yakachoka, yakaanguka. Wewe umeziba yalipoanguka. Kesho utatafuta mlango."

Siku ya pili niliutafuta ule msumari mpaka saa nane mchana. Nilipoupata nilifurahi kama mgodini walivyofurahi wakiona rangi ya dhahabu kwenye jiwe.

Sasa habari ya livu yenyewe. Mabwana wa Boma, baada ya miaka miwili mitatu ya kazi, walipewa likizo ndefu ya kwenda kwao Ulaya. Nyumba ilifungwa na vitu vyote ndani, na mara nyingi livu iliangukia masika. Adui wa nyumba iliyofungwa si mwizi. Kiomboi ile mwizi angekwenda wapi na kabati la mninga? Adui ni maji, kwa sababu nyumba yenye watu ikivuja kuna mtu atakayeweka sufuria. Nyumba isiyo na mtu inavuja kimya kimya, mwezi mzima, na mchwa wanasikia harufu ya unyevu kabla ya fundi.

Kwa hiyo tulianza wiki mbili kabla mwenyewe hajaondoka. Kwanza paa, msumari kwa msumari, kila mmoja ukigongwa kidogo kusikia sauti yake. Msumari uliokaza unalia, uliolegea unanung'unika. Halafu mifereji ya bati, kutoa majani na viota. Ndege wa Kiomboi wanapenda sana mfereji wa serikali. Halafu tunakata matawi yote yanayofika juu ya paa, jambo lililowaudhi wake wa mabwana kuliko yote, kwa sababu walipenda kivuli na hawakupenda kusikia kwamba kivuli kinaangusha majani. Halafu mtaro kuzunguka nyumba, kina cha goti, wenye mteremko; tulijaribu kwa kumwaga maji upande mmoja na kusubiri upande wa pili. Ndani tuliinua vitu vyote juu ya matofali, tukavisogeza mbali na kuta shubiri mbili, zulia tukalikunja na kulifunga na majani ya tumbaku. Na madirisha hatukuyafunga kabisa. Hapo vijana wengi hukosea. Mnaacha nafasi ya kidole chini ya wavu wa waya, ili hewa ipite, la sivyo nyumba inajitolea jasho yenyewe na viatu vinaota manyoya.

Mwisho kabisa, koki ya tangi. Niliwahi kusahau mara moja, katika mwaka wangu wa pili. Ilikuwa kiangazi, tangi la maji ya mvua tupu kabisa, bwana mmoja wa kodi akaenda kuoga siku ya kuondoka, akafungua bomba, halikutoa kitu, akaenda zake na bomba liko wazi. Mimi nikaangalia bomba halitoi maji, nikasema limefungwa. Mvua za kwanza zikaja, tangi likajaa, na bomba likakumbuka kwamba limefunguliwa. Maji yalijaza bafu, yakashuka, yakapita chini ya mlango, yakatembea sebuleni. Tuliyakuta yakitoka kwa mlango wa mbele kama wageni.

Nilidhani Mzee Saidi atanifukuza. Alinikabidhi tambara. Tulikausha ile sakafu siku mbili, tumepiga magoti wawili. Siku ya tatu akaniambia, "Yakobo, bomba kavu ndilo la kuogopa." Tangu hapo, katika kila nyumba, niligusa kila koki kwa mkono wangu na kuizungusha mpaka mwisho, nikarudi tena kuigusa. Nanyi mfanye hivyo. Macho yanaona maji tu. Mkono unajua koki.

Mke wangu Rebeka alibaki nyumbani na mama yangu na binti yetu Ana. Nyumba niliyopewa Kiomboi ilikuwa chumba kimoja cha vibarua, na mama hakutaka kuhama. Alisema hawezi kuishi mahali ambapo hajui nani amezikwa wapi. Nilikwenda nyumbani mwisho wa mwezi, nikifika kabla ya giza na kuondoka kesho yake alasiri. Ana alipokuwa mdogo aliniita mgeni. Alimwambia mama yake, "Yule mgeni wa viazi amekuja," kwa sababu nilikuwa nabeba viazi vitamu. Tulicheka. Rebeka alicheka kidogo kuliko sisi.

Nyumba yetu ilikuwa tembe, kama za watu wote. Ambao mmezaliwa kwenye mabati huenda hamjui vizuri: kuta za miti na udongo, juu boriti, juu ya boriti fito, juu ya fito udongo mnene uliopigwa ukawa bapa. Kiangazi hakuna nyumba nzuri kama hiyo. Lakini mvua ikizidi, ule udongo unakunywa, unakuwa mzito, na boriti iliyoliwa na mchwa haitoi taarifa.

Mwaka ninaotaka kuusimulia, mvua zilianza mapema zikakataa kukoma. Nyumba niliyokabidhiwa mwaka ule ilikuwa ya Bwana Shamba, Mwingereza mrefu mwenye haya, na memsabu wake. Huyu memsabu alikuwa tofauti kidogo. Alikuwa anatembea mabondeni na kofia kubwa, anachuma maua na majani, anayachora kwa rangi kwenye karatasi nene. Alikuwa akiniita nishuke paani anionyeshe jani.

"Yakobo, hili mnaliitaje kwa Kinyiramba?"

Nikimtajia, analiandika chini ya picha, polepole, ananisomea nimsahihishe. Kwa miaka mitatu majina yote ya majani ninayoyajua yaliingia kwenye karatasi zile. Mengine nilimwuliza mama nikienda nyumbani, nikarudi nayo. Mama alicheka sana kusikia kwamba Mzungu anataka jina la majani ya mbuzi.

Siku ya kuondoka, karatasi zote zilikuwa ndani ya sanduku la mbao. Aliogopa kuzipandisha melini, akasema hewa ya bahari itaziharibu. Akaweka mkono juu ya sanduku, akaniambia, "Vitu vyote vingine vinunuliwe upya, sijali. Hili lisiingie maji." Nikasema, "Halitaingia, memsabu." Niliahidi mbele ya Mzee Saidi.

Nyumba ile ilikuwa na kasoro moja. Ilikuwa na mapaa mawili yanayokutana katikati, na pale yanapokutana palikuwa na mfereji mpana wa bati uliolala juu ya chumba cha memsabu cha kuchorea. Mfereji wa namna hiyo ukiziba, maji hayamwagiki nje, yanarudi chini ya mabati na kuingia ndani. Kwa hiyo sharti letu lilikuwa moja: kila mvua ikinyesha, mtu apande akautazame. Mtu huyo alikuwa mimi.

Mwezi wa pili wa mvua akaja jirani yetu wa nyumbani aliyekuwa anapeleka kuku sokoni. Alinikuta naosha turubai.

"Mama Ana anakusalimu," akasema. "Amesema nikwambie hivi hivi: paa la chumba cha mama limeshuka katikati. Ukisimama unaligusa kwa kichwa. Mama hataki kutoka."

"Ameweka nguzo?"

"Ameweka mbili. Ya kwanza imepinda."

Nilikwenda kwa Mzee Saidi nikamweleza. Nilisimama pale kama mtu anayeomba, lakini sikuomba, kwa sababu sikujua niombe nini. Alinisikiliza akiwa analehemu ndoo, na hakuacha kulehemu.

"Sasa unangoja nini hapa?" akasema.

"Mfereji wa Bwana Shamba, mzee."

"Mfereji nimeuwekea bati mimi, kabla wewe hujajua ngazi ina miguu mingapi. Nenda. Siku mbili, urudi. Siku mbili naweza kupanda."

Nilitembea katika mvua, mito yote imejaa, nikafika nyumbani jioni. Rebeka alikuwa mlangoni, nguo imemganda mwilini, mikono yote udongo. Hakunisalimu.

"Ingia utazame," akasema.

Katikati ya chumba cha mama paa lilikuwa limening'inia kama tumbo la ng'ombe. Maji yalitiririka kwenye fito. Mama alikuwa amekaa kitandani, amejifunika blanketi, Ana kando yake.

"Mama, toka tafadhali."

"Nyumba hii aliijenga baba yako," akasema. "Haiwezi kuniua mimi."

Rebeka akamnyanyua Ana, akampeleka kwa jirani. Aliporudi alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake. "Mama, mimi ndiye niliyekaa nawe humu miaka yote hii," akamwambia kwa Kinyiramba. "Sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba uende ukamshike Ana, analia kwa ngurumo." Ana hakuwa analia. Mama akamtazama Rebeka, akainuka, akachukua fimbo yake.

Tulipanda juu sisi wawili, na jembe moja na karai, tukaanza kuondoa udongo. Hakuna njia nyingine: paa lililolewa maji ni lazima ulipunguzie mzigo kutoka pembeni kuja katikati, na hukanyagi katikati. Tulilala kifudifudi tukikwangua kwa mikono. Tukiwa tumefika nusu, boriti ilikatika. Niliisikia kabla sijaiona. Sehemu ya katikati ya paa ikashuka yote, taratibu, na kitanda cha mama kikawa chini ya udongo.

Tulikuwa tumelala ukingoni, mimi na Rebeka, nyuso zetu karibu. Alitazama lile shimo. Kisha akanitazama mimi.

"Nyumba za watu unazijua msumari kwa msumari," akasema. "Hii yako, hiyo boriti imeliwa tangu kiangazi cha mwaka juzi. Nilikwambia. Ulisema utaitazama mwezi ujao."

 

Kesho yake nilikata miti, majirani wakaja, tukainua boriti mpya tatu badala ya moja, tukafunga fito, tukapandisha udongo mkavu tuliouchukua chini ya kichaka penye kivuli. Nikakata mlizamu wa gogo kutoa maji juu ya paa upande wa nyuma, na Rebeka akapaka kinyesi cha ng'ombe na majivu mpaka paa likang'aa. Jioni ya siku ya pili kazi ilikuwa imekwisha. Nilitakiwa kuondoka alfajiri.

Hapa ndipo penye jambo ambalo nimemwambia mtu mmoja tu. Alfajiri ile mvua ilikuwa imenyamaza. Rebeka alikuwa ameamka, amewasha moto, anapika uji, anaimba chini chini, na sikuwa nimemsikia akiimba tangu tuoane. Ana akaja akanikalia mgongoni akaniuliza kama kweli nimejenga nyumba. Mama akasema nimsogezee kigoda. Nikajiambia, paa jipya linahitaji kutazamwa siku moja zaidi. Paa halikuhitaji kitu. Nilibaki siku ya tatu, nikabaki na ya nne. Tulichimba karanga, nikatengeneza mlango, nikalala mchana kichwa kikiwa kwenye mapaja ya mke wangu. Katika maisha yangu yote ya kazi, hizo ni siku mbili nilizoiba, na kama ningeambiwa nichague siku za kurudiwa, nisingechagua nyingine.

Nilirudi Kiomboi siku ya tano. Karakana ilikuwa imefungwa. Mpishi wa nyumba ya jirani akaniambia, "Mzee wako yuko hospitali."

Nilimkuta amelala chali, mguu umefungwa mbao tangu kiunoni. Kofia yake nyeupe ilikuwa juu ya meza ndogo, na ndiyo mara ya kwanza nilipokiona kichwa chake. Kilikuwa na mvi tele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama yako?"

"Mzima, mzee. Paa lilianguka lakini alikuwa nje."

"Alhamdulillahi."

Akanisimulia mwenyewe, bila haraka. Siku ya nne mchana ilikuja mvua ya mawe. Mawe yalijaa kwenye mfereji ule wa katikati yakawa kama ukuta, na maji nyuma yake yakaanza kupanda. Yeye aliingia kwanza ndani, akaona dari la chumba cha kuchorea linaloa, akalibeba lile sanduku mpaka sebuleni juu ya meza, akalifunika turubai. Halafu akapanda. Akayatoa mawe kwa mikono, maji yakaenda. Wakati wa kushuka ngazi iliteleza kwenye tope.

"Nilishuka haraka kuliko nilivyopanda," akasema.

Nikataka kumwambia. Nilimwambia. "Mzee, nilitakiwa niwe nimerudi siku ile. Kazi nyumbani ilikuwa imekwisha. Nilikaa tu."

Alitazama dari la wodi kama anayehesabu mbao.

"Mkeo hajambo?"

"Hajambo, mzee."

"Basi usinililie hapa, watu wanatazama. Nenda kwa Bwana Shamba ukabonyeze lile dari kwa kidole. Likibonyea, ling'oe kabla halijaanguka lenyewe."

Nilikwenda. Lilibonyea. Nililing'oa, nikaweka jipya, na sanduku nikalikuta juu ya meza, kavu kabisa. Mfupa wa paja wa Mzee Saidi uliunga vibaya. Hakupanda ngazi tena, na fundi asiyepanda, Boma haikuwa na kazi naye. Akapakiwa kwenye lori la kwenda Manyoni kwa watoto wake. Asubuhi ile alinipa mkasi wake wa bati, wenye mpini uliozungushiwa ngozi, akasema, "Ukikata unakula upande wa kushoto, uusahihishe kwa mkono." Lori likaondoka. Nilibaki barabarani mpaka vumbi likakaa chini.

Bwana Shamba na memsabu hawakurudi. Walihamishiwa nchi nyingine huko huko livu, ikaja barua kwamba vitu vyao vifungwe vipelekwe stesheni ya Itigi. Sanduku nililifunga mimi kwa turubai lililopakwa nta. Nilitamani kuandika juu yake jinsi lilivyookoka, lakini tarishi aliniambia palikuwa na nafasi ya anwani tu.

Miaka ilipita. Nikawa mimi wa kuwapa vijana ngazi na ndoo, na wengine wenu mnakumbuka nilivyokuwa mkali. Mwaka mmoja nikapata livu yangu mwenyewe, wiki tatu. Rebeka alikuwa ameshapanga tutavuna pamoja. Nilimwomba wiki moja. Aliniuliza ninakwenda wapi, nikamwambia kwa Mzee Saidi, akaniambia, "Nenda, na umpelekee asali."

Nilimkuta kwenye nyumba ndogo ya mabati ya mtumba nyuma ya stesheni ya Manyoni, amekaa kwenye mkeka, mguu umenyooka. Alinijua kwa sauti kabla hajaniona vizuri. Macho yalikuwa yameanza kumwacha. Humo ndani palikuwa na sufuria nne sakafuni.

"Mzee, panavuja!"

"Panavuja tangu mwaka jana. Wanangu wanafanya kazi ya reli, hawajui bati. Nimewaelekeza kutoka hapa, wanaziba panapodondoka."

Nilipanda siku ile ile. Wiki nzima nilikuwa juu ya paa lake, yeye chini kwenye mkeka akisikiliza nyundo. "Huo umelegea," anasema. "Huo nao. Rudi nyuma. Hapo, hapo." Hakuona hata msumari mmoja, na hakukosea hata mmoja. Siku ya saba mvua ikanyesha. Tulikaa ndani wawili, tukisikiliza bati. Alinyoosha kiganja chake sakafuni, akakipitisha taratibu kwenye mkeka mpaka ukutani, akarudi.

"Pakavu," akasema.

Niliagana naye asubuhi. Habari ya kifo chake ilinifikia miezi minne baada ya mazishi, kwa mdomo wa dereva wa lori aliyedhani najua. Nilikuwa juu ya nyumba ya hakimu. Nilishuka, nikakaa chini ya ngazi, nikapanda tena, kwa sababu wingu lilikuwa limeshafika.

Sasa nimestaafu. Nasikia mabwana wengi wanafunga mizigo, na safari hii hawakati tiketi ya kurudi. Nyumba zile zitakaliwa na watu wetu, labda na ninyi wenyewe. Nao watakwenda likizo kwao, vijijini, na mvua itakuja. Zungusheni koki. Toeni majani kwenye mifereji. Na kwenu pia mwende mkatazame boriti, msingoje mtu alete habari na kuku mkononi.

Nilifika hapa nyumbani siku ya Jumamosi. Mama alishafariki, Ana ameolewa Unyambwa, tumebaki mimi na Rebeka. Alinipikia kuku, tukala, akaniuliza habari za safari kama anavyouliza siku zote. Jua lilipokuwa linazama nilitoka kwenda kuwafunga mbuzi zizini. Nikachelewa kidogo, nikizungumza nao na kuzoea majina yao. Niliporudi mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, na gogo limewekwa. Nikabisha.

"Nani?" Rebeka akauliza, kwa sauti ngumu ambayo sijapata kuisikia.

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Baba Ana."

Kisha nikasikia gogo linaondolewa, polepole, na mlango ukafunguka. Alikuwa amesimama na panga mkononi. Aliliweka chini, akajifuta uso kwa pindo la kanga.

"Nisamehe," akasema. "Saa hizi sijawahi kuwa na mtu wangu aliye nje."